Matofali ya Eda

"Umefika ngapi, Mama Latifa?"

Ndivyo alivyoniuliza Asia, jirani yangu wa nyumba ya pili hapa Rahaleo, asubuhi moja katika zile mvua kubwa za mwaka tisini na saba. Ilikuwa siku ya arobaini na tatu ya eda yangu. Nilikuwa nimekaa mkekani, mgongo ukutani, mikono yote miwili chini ya kanga. Aliuliza siku zangu, nikamjibu bila kufikiri, maana mtu aliyeshughulika husema kweli.

"Elfu nane na mia nne."

Asia akaweka chini bakuli la mbaazi alilokuwa ameniletea. Akanitazama usoni, akatazama kanga ilivyokuwa ikitikisika juu ya vidole vyangu, akasikiliza. Ka. Ka, ka. Ka. Sauti yake ikashuka kama ya mtu aliyeingia akakuta watu wanasali.

"Na jua halijapanda," akasema.

Akaondoka kwa kunyata. Mimi nikarudi kwenye kazi yangu, kwa sababu kulikuwa na tofali refu linashuka na sikuwa nimeliandalia mahali.

Chini ya kanga ile hapakuwa na tasbihi. Palikuwa na gemu, kidude cha plastiki ya kijivu chenye kioo kidogo. Matofali yanashuka kutoka juu, moja moja, kila moja na umbo lake, na kazi yako ni kuyageuza na kuyapanga. Mstari ukijaa bila pengo unatoweka, unapata pointi mia. Ukipanga vibaya yanarundikana mpaka juu na mchezo umekwisha. Basi, hakuna zaidi ya hapo.

Gemu yenyewe iliingia nyumbani kwangu kama amana. Marehemu mume wangu, Abdallah, alikuwa fundi redio, kibanda chake kilikuwa Chikongola upande wa soko. Mwalimu mmoja aliyeitwa Gaudensi alimletea gemu hiyo imekufa, akasema ataifuata Ijumaa. Kabla ya Ijumaa akapata uhamisho wa Songea. Abdallah akaitengeneza hata hivyo, akaiweka. Haukupita muda kiharusi kikamwangusha. Upande wa kushoto wote ukafa na ulimi ukawa mzito. Miezi saba nilimgeuza, nikamwosha, nikamnywesha uji kwa kijiko. Mkono wake wa kulia ulibaki hai, na mkono huo, badala ya kushika tasbihi niliyomwekea kwenye mto wa kulalia, ulishika gemu. Aliiegemeza kifuani akabonyeza kwa kidole kimoja.

Mwanzoni ilikuwa ikipiga muziki, kitu kama mbu aliyejifunza kuimba. Nilipolalamika, Abdallah alinionyesha kwa kidole wapi pa kufungua, nami kwa mkono wangu nikatoa skrubu nne nikakata waya wa spika. Tangu siku hiyo ikawa haisemi, inabonyezeka tu. Kwa hiyo yaliyonipata baadaye yalianzia kwenye mkasi wangu mwenyewe.

"Mtu wa hali yako anamtaja Mola wake," nilikuwa nikimwambia. "Siyo kujenga nyumba zisizolalika."

Alikuwa akitabasamu kwa ile nusu ya mdomo iliyobaki, anaendelea kujenga. Siku moja alininyooshea nijaribu. Nikamwambia nina vyombo vya kuosha.

Akafariki mwezi wa kumi, mvua ndiyo inaanza.

Wasioijua eda wanadhani ni mapumziko. Miezi minne na siku kumi mjane anakaa ndani, hajipambi, hajitii manukato, hatoki bila dharura. Watu husahau kusema kwamba wewe hutoki lakini kila mtu mwingine anaingia. Wageni walikuja mpaka mkeka ukachanika. Paa likavuja mahali patatu. Barabara ya Dar ikakatika huko Rufiji na maduka ya Chikongola yakabaki kuuza ahadi. Na juu ya yote akaja wifi yangu Mwajuma, dada wa marehemu, kutoka Mpapura, kukaa nami mpaka nitoke. Alileta muhogo mkavu gunia moja, na macho.

"Leo hujalia," aliniambia siku ya tisa, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama umekunywa dawa.

"Nililia alfajiri, wifi. Ulikuwa umelala."

"Mimi silali alfajiri."

Nikitabasamu kidogo na mgeni, anakohoa. Alikuwa mwanamke mwema, nisimsingizie, ila alijua kwamba akirudi Mpapura ukoo mzima utamwuliza nilimkaliaje ndugu yao eda, na jibu lilikuwa mkononi mwake. Nami nilijua hivyo hivyo. Jina la mjane linapikwa katika miezi hiyo minne, na likishaiva hakuna wa kulipika upya. Mtaa wa nyuma yetu yupo mama mmoja aliyechungulia ngoma ya harusi dirishani akiwa edani. Ilikuwa mara moja tu, na kwa jicho moja. Sasa ni miaka kumi na moja, ameolewa tena, amezaa tena, na bado anaitwa Bi Dirisha. Mimi sikutaka kuzikwa na jina la namna hiyo.

Siku ya thelathini na mbili, nikitafuta sindano kwenye sanduku la vifaa vya marehemu, nikaikuta gemu. Mwajuma alikuwa kisimani. Nikaiwasha ili nione tu alikuwa akitazama nini mle miezi yote ile. Pembeni ya kioo palikuwa na pointi zake za juu kabisa: elfu arobaini na moja na mia mbili.

Nikacheza. Nikapata mia tatu.

Nikakaa nikafikiri. Mtu wa kidole kimoja, nusu ya mwili wake imetangulia, elfu arobaini na moja. Mimi mzima wa mikono miwili, mia tatu. Nikaona aibu, nikarudia.

Nikirudi kwenye kweli, haikuwa aibu iliyonifanya nirudie siku ya pili, na ya tatu. Tofali haliulizi kama umelia. Haliulizi nyumba hii utaishi na nani, wala binti yako Latifa huko Newala atakuja lini, wala kama unamkumbuka marehemu. Linashuka polepole, linasubiri uligeuze. Na mstari ukijaa, unaondoka. Katika nyumba yangu wakati ule kila kitu kilikuwa kikijaa, ndoo chini ya paa, vyombo, wageni, kifua changu, na hakuna kilichokuwa kikiondoka isipokuwa mle ndani ya kioo. Nilikuwa nikiiweka chini baada ya nusu saa nakuta mabega yameshuka yenyewe.

Nilijiwekea sheria. Sichezi kabla ya sala, adhana ikilia nazima hata kama nashinda, na nikianza naanza na Bismillahi. Hiyo ya tatu iliniletea mashaka, nikaiacha, halafu nikaona kuanza jambo bila Bismillahi ni vibaya zaidi, nikairudisha.

Sasa, mtaani kwetu alikuwapo hajati mmoja aliyerudi Makka na tasbihi ya kubonyeza, ndogo kama kiberiti. Kila ukimtaja Mungu mara moja unabonyeza, ka, na namba inapanda. Wanawake wote wa Rahaleo walikwenda kuiona na kuisikiliza. Kwa hiyo Asia alipotoka kwangu asubuhi ile hakutoka na uvumi. Alitoka na ushahidi wa masikio yake.

Alasiri Mwajuma alirudi kutoka dukani akasimama mlangoni na mwavuli unamchuruzika.

"Wifi," akasema, "mbona hukuniambia?"

Nikakaza kanga juu ya vidole. "Nikuambie nini?"

"Elfu nane kabla ya chai. Nami nimekaa humu nikikuhesabia machozi." Akavua viatu akaniketia karibu. "Unisamehe. Wengine huzuni yao iko machoni, yako iko vidoleni."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, nami nilifungua mdomo. Lakini Mwajuma alikuwa ameshainuka kwenda kunipikia uji, na haukuwa ule uji wake wa siku zote. Aliutia karanga na sukari. Nikaona nitasema nikimaliza kunywa. Nikamaliza, akauliza kama naongeza.

Tangu siku hiyo maisha yakawa mepesi, jambo ambalo ndilo lililonitisha. Mgeni akija na maneno marefu Mwajuma anamzuia barazani: "Yuko kwenye nyiradi zake." Paa likazibwa na vijana wa msikitini bila kuombwa. Hakuna aliyeniuliza tena kama nimelia. Kadiri nilivyocheza ndivyo nilivyoheshimiwa, na kadiri nilivyoheshimiwa ndivyo nilivyopata nafasi ya kucheza. Mbele ya Mola wangu nilikuwa nikisali sala tano na kutubu mara tano.

Betri zikaanza kufa. Pale Chikongola hazikuwapo. Nilikuta moja nzima kwenye sanduku la marehemu, nyingine nikaitoa kwenye saa ya ukutani. Nilijua gemu ikikosa betri inasahau kila kitu, kwa hiyo kabla ya kubadili nikaiandika namba ya Abdallah nyuma ya mlango kwa penseli, 41,200. Nilipoiwasha tena, pale pembeni palikuwa na sifuri. Nikazima, nikakaa kidogo. Nadhani siku hiyo Mwajuma angeniuliza kama nimelia, angepata jibu zuri.

Yeye alichoona ni saa imesimama na namba mlangoni. Kwa wageni akasema hata saa imekaa eda, na kwamba wifi yake ameweka nadhiri ya dhikri elfu arobaini na moja na mia mbili kumfikia mumewe. Lile la mwisho halikuwa mbali sana na kweli, nami sikulisahihisha.

Kisha Asia akaja tena, safari hii bila bakuli.

Mumewe, Ramadhani, alikuwa amevuka Ruvuma kwenda Msumbiji kuuza sabuni na vitenge. Alisema anakaa wiki tatu. Sasa ulikuwa mwezi wa tisa tangu aondoke, mto umejaa, na kila aliyevuka kutoka upande ule alikuwa na habari yake tofauti: amezama, amefungwa, amenenepa.

"Mtaje humo," akaniambia, akiangalia kanga yangu. "Arudi tu. Sitaki kingine."

"Asia, kuomba unaweza mwenyewe. Mungu hana foleni."

"Mimi nikifika thelathini nawaza unga. Wewe una elfu nane."

Alikuwa amekonda. Shingo yake ilionekana mishipa. Nikamwambia Mungu anasikia, na hilo si uongo. Alipoondoka nikafanya hesabu na dhamiri yangu: kuanzia hapo, kila mstari uliojaa ukatoweka nikasema Ya Latifu moja, na jina la Ramadhani. Nikajiambia sasa angalau ulimi unafanya walichodhani vidole vinafanya. Lakini mara nyingi tofali baya lilishuka nikasema lingine kabisa.

Siku ya mia na kumi na sita ya eda mvua ilikuwa imepumzika. Mwajuma alikuwa uani anatwanga muhogo. Asia akaingia bila hodi, akakaa mbele yangu magoti kwa magoti.

"Ramadhani amerudi," akasema.

"Alhamdulillahi," nikasema, na nilimaanisha.

"Usiwahi kushukuru. Amerudi na mtu."

"Mtu gani?"

"Mwanamke wa Palma, ng'ambo ya mto. Ana mtoto mgongoni, pua ya Ramadhani tupu. Amekaa kwenye kigoda changu ananiita dada mkubwa. Na ana adabu, Mama Latifa, ndiyo inayonimaliza. Angekuwa mshenzi ningejua pa kuanzia."

Uani mchi ulikuwa ukipiga kinu, tu, tu, tu.

"Mimi nilikuomba arudi," Asia akaendelea. "Sikukuomba arudi na nyongeza."

"Nilimtaja yeye peke yake."

"Basi kuna mahali hukutaja vizuri." Akasogea, akapunguza sauti. "Sikulaumu. Mto wote ule umejaa na umemvusha, mtaa mzima unakiri. Sasa mvushe na yule arudi kwao. Weka elfu ishirini, weka thelathini, nitakuletea chakula mimi, Mwajuma asipike."

"Asia, yule ana mtoto."

"Mtoto asiguswe. Mama yake tu apate homa. Homa ndogo, ya kumkumbusha nyumbani."

"Siombi mtu homa."

"Unaweza ila hutaki. Mumeo umekuwa naye peke yako mpaka umemzika, ndiyo maana."

Hakunisema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma kilichoandikwa. Nikamtazama, nikaona kwamba kama nikikataa tu, atakwenda kutafuta mwingine wa kumfanyia hiyo homa, na wapo. Na ile homa ikija, hata ya malaria ya kawaida maana mbu walikuwa wengi kuliko watu mwaka ule, itaandikwa kwa jina langu. Mpaka siku hiyo uongo wangu ulikuwa umenizalia uji wa karanga na paa zima. Sasa kulikuwa na mwanamke mgeni, mtoto mgongoni, amekaa juu yake bila kujua.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na nne nitoke eda. Mwajuma alikuwa hatua kumi kutoka pale. Nikafikiria jina watakalonipa. Bi Matofali. Nikalijaribu kichwani mara mbili tatu. Halikuwa zuri, lakini dirisha nalo si zuri na mwenyewe anaishi.

Nikatoa mikono chini ya kanga, nikaweka gemu kwenye mapaja yake.

Asia akaitazama. Akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

"Hii ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe. Siyo tasbihi. Ni gemu, ya kuchezea. Alikuwa akiicheza marehemu."

"Na elfu nane?"

"Pointi."

"Na Ramadhani wangu?"

"Nilimtaja kwa ulimi. Vidole vilikuwa vinapanga matofali." Nikaona niseme yote. "Siku nyingine ulimi nao ulisahau. Aliyemrudisha ni Mungu, Asia, au ni kupungua kwa sabuni. Mimi simo. Na nyongeza siyo yangu."

Mchi ukaendelea kupiga. Nikangoja kicheko, au kelele, au amwite Mwajuma. Asia alikuwa amekunja uso kama anayepiga hesabu ya miezi mitatu ya mbaazi alizoniletea. Kisha kidole chake, sijui kwa kukusudia au kwa bahati, kikabonyeza pale pa kuwashia.

Tofali la kwanza likaanza kushuka.

"Linakwenda wapi hili?" akauliza.

"Popote unapoliweka. Bonyeza kulia ligeuke."

Likageuka. Akaliacha likaanguka vibaya, limesimama katikati kama nguzo. La pili akalilaza. La tatu akalihangaikia, akatoa ulimi pembeni ya mdomo. Mchezo wa kwanza ukamwishia haraka. Akaanza mwingine bila kuniuliza. Chozi likamdondokea kwenye kioo, akalifuta kwa pindo la kanga, akarudi kutazama, maana tofali lilikuwa limeshafika chini.

Mstari ukajaa, ukatoweka.

"Umekwenda wapi?"

"Hauendi popote. Umeondoka tu."

"Na haurudi na mtu," akasema Asia.

Nikajiuma midomo. Wifi yangu alikuwa karibu, na mimi bado nilikuwa edani.

Kutoka nyumba ya pili tukasikia sauti ya Ramadhani ikiita, Asia, Asia, sufuria kubwa iko wapi. Hakuinua kichwa. Mabega yake, niliyoyaona yamepanda miezi yote ya kumngoja mumewe, yalikuwa yameshuka. Ramadhani akaita mara ya pili. Asia akamaliza mstari aliokuwa nao, akasimama, akaingiza gemu na mikono yote miwili chini ya kanga yake.

"Asia," nikasema. "Hiyo ni amana. Ni ya mwalimu Gaudensi."

"Betri unapata wapi?"

Nikamwonyesha ukutani. Akaitazama ile saa iliyokufa, pamoja na mlango wangu wenye namba, muda mrefu kidogo. Kisha akageuka.

Uani Mwajuma alisimamisha mchi. Alimwona Asia akija, macho chini, kanga inatikisika mbele ya tumbo, na akasikia ile ka, ka, ambayo kwa miezi mitatu aliisikia kwangu tu. Akasogeza kinu kumpisha, akajifuta unga mikononi kwa heshima.

"Mashallah," akasema wifi yangu. "Amekuruhusu na wewe?"

Asia akampita, akatoka nje, vidole vikiendelea kubonyeza.